Dawati la Karibu na Mafagio

Mimi ni fundi viatu. Mke wangu alifariki, akaniachia binti mmoja. Banda langu la kazi liko mbele ya chumba tunacholala. Kila asubuhi, kabla ya shule, binti yangu hunitungia uzi kwenye sindano. Macho yangu yameshachoka. Yeye huisogeza sindano karibu na pua, na mara moja uzi umepita. Ndiyo maana namwita Sindano.

Asubuhi moja alitunga uzi, lakini hakuchukua mkoba.

"Baba, leo siendi shule."

"Unaumwa?"

"Kichwa."

"Kichwa jana, kichwa juzi! Hicho kichwa kimeajiriwa?"

Hakucheka. "Mwalimu amesema nikishindwa tena mtihani, narudia darasa la tatu. Wenzangu wataniacha."

Jirani yetu, Mama Mkaa, alikuwa akipanga makopo yake ya mkaa ng'ambo ya njia. Akadakia:

"Baba Sindano, huyo mtoto anaringa! Jana nimempungia mkono mpaka bega likaniuma. Akanipita kama nguzo. Hata shikamoo sikupata!"

"Sikukuona, mama," Sindano alisema.

"Hukuniona? Na unene huu?"

Hasira yangu yote ilikwenda shuleni. Shule ile ni ya masista. Wakubwa nawajua mimi. Wakishapata ofisi, mtoto wa fundi viatu hawamwoni tena. Nilivua aproni, nikamshika Sindano mkono, tukaenda. Hata gundi mikononi sikunawa.

Mlango wa darasa la tatu ulikuwa wazi. Nikaona mpango wao. Pale mtoto aliketi kwa namba aliyopata kwenye mtihani. Wa kwanza mbele, wa mwisho nyuma. Dawati la Sindano lilikuwa la mwisho kabisa, karibu na mafagio, chini ya dirisha bovu.

Sista Mkuu alitukaribisha ofisini.

"Keti, baba."

"Siketi! Mwanangu mmemweka na mafagio, halafu mnasema hajui. Mbele mmeweka wanaojua. Wanaojua mnawafundisha nini tena?"

Sista hakukasirika. Alimgeukia Sindano.

"Mwanangu, kazi ya ubaoni huwa unaandikaje?"

"Nachungulia kwa mwenzangu. Akikosea, na mimi nakosea."

"Na ile picha ukutani, ni ya nani?"

Sindano alikunja macho. "Kuna mtu... amevaa bluu?"

Ilikuwa picha ya Bikira Maria amembeba Mtoto, kubwa kama mlango wa kabati. Sista alinigeukia.

"Huyu mtoto haoni mbali," alisema.

"Macho yake mazima!" nikapaza sauti. "Ananitungia uzi kwenye sindano!"

"Hapo anaona karibu, baba. Mbali je?"

Nikaketi.

"Mpeleke kliniki ya macho leo hii," Sista alisema. "Na sisi tumekosa. Haoni, tukamsogeza nyuma. Akashindwa zaidi, tukamsogeza tena. Nisamehe."

Sikutegemea kusikia neno hilo kutoka kwa mwenye ofisi.

Kule kliniki, muuguzi wa macho alimsimamisha Sindano mbali na ukuta wenye herufi. Juu zilikuwa kubwa, chini ndogo. Sindano aliishia mstari wa juu.

"Cha karibu anakiona vizuri. Cha mbali ni ukungu mtupu," muuguzi alinieleza. "Watoto wengi wana shida hii. Ukiona mtoto anakunja macho, anaumwa kichwa mara kwa mara, au anasogelea sana ubao, mlete apimwe. Usingoje aseme. Yeye anadhani watu wote wanaona hivyo."

"Nikimnunulia dawa ya matone dukani?"

"Matone hayaondoi shida hii. Usimtie kitu machoni bila kupimwa. Anahitaji miwani."

"Si itamharibu macho? Mimi fundi viatu, haya siyajui."

"Baba, viatu unavyoshona vinaharibu miguu?"

Mtu akinijibu kwa viatu, sina ubishi.

"Basi na miwani haiharibu macho," alisema. "Ila umrudishe kila mwaka. Mtoto anakua, macho nayo yanabadilika."

Asubuhi ya kwanza na miwani, Sindano alisimama mlangoni akashangaa. Kisha akaita:

"Mama Mkaa, shikamoo!"

Mama Mkaa aliangusha kopo. "Marahaba, mwanangu! Kumbe huringi!"

"Na kilemba chako kipya kizuri, mama."

Sista naye hakuishia kwenye maneno. Muuguzi aliitwa shuleni, akapima watoto wote. Wengine kadhaa walikutwa na shida ile ile. Siku hizi watoto hawaketi tena kwa namba. Wanabadilishana madawati, na asiyeona au asiyesikia vizuri anakaa mbele. Mafagio yamehamishiwa stoo. Lile dirisha bado bovu, nami nalisema kila kikao cha wazazi. Wakubwa usipowasukuma, wanalala.

Mtihani ulipofika, Sindano hakuchungulia kwa mtu. Alifaulu.

Siku ya kuanza darasa la nne aliamka kabla yangu. Alivaa sare, akavaa miwani, akabeba mkoba.

"Baba, nachelewa!"

Nikageuka. Alikuwa ameshafika kona ya njia, anakimbia. Nami nilibaki bandani na sindano mkononi, haijatungwa uzi.