Somo la Kutukanwa

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma cha fundi magodoro, pamba mpaka kwenye nyusi. Kamanda alikuwa anawafundisha watu wake kutukanwa.

"Duka la dhahabu linahama leo," alisema. "Wapagazi wa kweli wanafika saa tano. Sisi saa nne. Sefu watatukabidhi wenyewe. Ila mpagazi hutukanwa, na ukijibu tu, umeshajitaja. Haya, Bonge! Tumbo hilo utajifungua lini?"

"Samahani, bosi," alijibu Bonge, mkata vyuma wao, macho chini.

"Safi. Shemeji!"

Shemeji ndiye dereva. Alikuwa amemwoa dada yake Kamanda, na dada huyo alikuwa nyumbani na mimba ya miezi minane, akijua mumewe kaenda kuhamisha samani.

"Utalishwa na mkeo mpaka lini?"

"Samahani, bosi."

"Safi sana."

Bonge akacheka. "Na wewe Kamanda, nani atakutukana?"

Kamanda alimtazama mpaka kicheko kikamrudi kooni.

"Mimi ndiye mwalimu."

Saa nne. Mama mwenye duka alikuwa kakaa kwenye kiti mlangoni, mlinzi mwenye rungu nyuma yake, mkoba mapajani, mdomo haujui likizo.

"We bonge, sukuma! Unaogopa kukonda?"

"Samahani, mama."

"Na wewe dereva, hilo lori ulipewa au uliliokota?"

"Samahani, mama."

Sefu ikapanda. Turubai likafungwa. Injini ikanguruma. Kamanda alikuwa mguu mmoja ndani, mmoja nje, mama alipomalizia:

"Wenzio wamefanya kazi, wewe umesimama tu kama bwana harusi aliyekimbiwa. Mwanaume mzima!"

"Panda," Shemeji alinong'ona.

Mguu wa ndani ukatoka.

"Panda, kaka, nakuomba. Mfikirie dada yako."

"Dakika moja tu."

Akarudi mpaka kwenye kile kiti. Akashusha zipu ya ovaroli, akatoa bastola.

"Unajua unaongea na nani?"

Mama hakujua. Mlinzi akajua. Rungu lilishuka mara moja; risasi ikaenda darini, Kamanda akaenda sakafuni, na mlinzi akamkalia mgongoni.

"Shemeji! Usiniache, shemeji!"

Shemeji akaingiza gia. Hakukimbiza. Aliondoka pole pole, kama dereva aliyebeba mayai ya watu.

Wakavuka mitaa miwili. Bonge alikuwa amelowa jasho mpaka soksi.

"Atatutaja?"

"Kashindwa kumnyamazia bibi mmoja, Bonge. Huko polisi anakokwenda wako wengi, na wanajua kuuliza."

"Sasa tunaenda wapi? Maskani anapajua. Kwangu anapajua. Kwako ndiko kwa dada yake."

Shemeji akapunguza mwendo. Kona ya kwake ilikuwa inakuja. Mkewe alikuwa amesimama kibarazani, mkono kiunoni, akipunga upepo. Akalitambua lori. Akatabasamu, akainua mkono.

Shemeji akashika usukani kwa mikono yote miwili, akanyoosha mbele bila kukata kona.