Injini ya Mzee Spana

Injini ilikuwa ya moto. Fundi aliigusa asubuhi, kabla hata hajavaa ovaroli, akarudisha mkono haraka. Ilikuwa juu ya stendi, haina plagi wala tone la petroli, na miaka thelathini ilikuwa imepita tangu isukume boti ya mashindano.

"Jua la dirishani," alijiambia. Lakini dirisha lilikuwa upande wa pili.

Aliinunua kwa mjane wa Mzee Spana, yule aliyeunda injini za kasi kwa mikono yake mpaka akafa kiziwi. Watu walisema uziwi huo uliletwa na kelele za kazi. Fundi alitaka kuifufua ili binti yake aiendeshe kwenye mashindano ya injini za zamani. Binti huyo alikuwa na mkono mwepesi kama baba yake, na mdomo mwepesi zaidi.

"Baba, ukizidi kuipapasa hivyo, nitamwambia mama umeoa mke wa pili."

Siku ya tatu karakana ilinuka mafuta ya mbarika yaliyoungua, yale ya kulainishia pistoni zamani. Siku ya nne, saa sita mchana, binti aliacha kuitika. Fundi alimshika bega, naye akageuka macho yamemtoka.

"Izime kwanza, baba! Sisikii unachosema!"

"Nizime nini, mwanangu?"

Karakana ilikuwa kimya kabisa.

Daktari hakuona kasoro masikioni. Binti hakula wala hakulala. Alijikunja kitandani akilia kwamba injini inapanda mwendo, inapanda tu, na kwamba ndani ya mngurumo kuna mtu anacheka, na kicheko hicho sasa kimeanza kumwita "mwanangu" kwa sauti ya baba yake.

Mjane aliposikia, alikuja na mganga.

"Nisamehe, kaka," alinong'ona. "Mume wangu aliomba kasi. Jini likampa, likachukua masikio. Nilidhani limeondoka naye."

Walimleta binti karakanani, na mganga akaanza kusoma dua mbele ya injini. Propela ikazunguka yenyewe, polepole, kisha ikapotea machoni kwa kasi, na kutoka kwenye bomba la moshi ikatoka sauti nzito:

"Nimepata kiti, mwili wa kukalia. Siondoki mikono mitupu."

Fundi alimtazama binti yake, aliyejibana ukutani akiziba masikio yasiyosikia.

"Basi chukua yangu."

"Usilijibu!" mganga alimaka, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mngurumo ukamwingia Fundi kichwani kama maji yavunjavyo mlango, ukafuta sauti ya mganga, ukafuta kilio cha mjane, ukafuta hata pumzi zake mwenyewe, mpaka akajikuta amepiga magoti kwenye sakafu ya mafuta.

Binti alishusha mikono. Midomo yake ilicheza. Alikuwa akilia na kucheka pamoja. Fundi aliifuata midomo hiyo kwa macho. Ilisema: "Baba, kumenyamaza."

Alichukua chaki, akaandika sakafuni: Ivunjeni.

Waliipiga kwa nyundo mpaka silinda ikapasuka, wakatia vipande guniani, wakaondoka ili wakavizamishe kwenye kina cha maji. Fundi alisimama mlangoni akiwapungia mkono, akijitahidi kutabasamu. Binti alipotoweka kwenye kona, ile injini kichwani ilibadili mwendo, ikatulia kidogo, na mtu aliyekuwa ndani yake akaanza kuzungumza naye kwa upole, kwa sauti ya binti.