Waya Uliingia, Picha Haikutoka

Katika nyumba yao ya kupanga huko Al Mansoura, mtaa wa mji mmoja wa Uarabuni, Ann ndiye aliyeamka wa kwanza. Alimnyonyesha Shaun, mtoto wake wa miezi kadhaa, akambadilisha nepi, kisha akamkabidhi kwa mama mkwe wake, Miriam. Halafu alivaa sare yake ya uuguzi na kukimbilia basi la hospitali.

"Nenda salama, Mama Shaun," Miriam alimwambia kila asubuhi. "Huyu usimwazie. Niko naye."

Na kweli Ann hakumwazia. Miriam alikuwa ametoka Kapsabet, Kenya, kuja kulea mjukuu ili Ann arudi kazini. Wesley, mume wa Ann, alikuwa dereva wa kampuni. Bila Miriam, mmoja wao angelazimika kuacha kazi. Na sote tunajua ni nani huambiwa aache.

Lakini mchana nyumba ilikuwa kimya. Televisheni yao ilikuwa imeungua, na kununua nyingine hawakuwa na uwezo kwa sasa. Simu ilikuwa ndogo kwa macho ya Miriam, tena nani anaweza kushika simu na mtoto mtundu kwa wakati mmoja? Nje jua lilichoma. Basi Miriam alishinda ndani, akingoja mtu wa kuzungumza naye.

Jioni moja alisema lililokuwa moyoni.

"Wesley, nikatie tiketi. Mwisho wa mwezi nirudi nyumbani."

Wesley aliweka kijiko chini. "Mama, kwani tumekukosea?"

"Hamjanikosea. Mnanitunza vizuri. Lakini siku nzima nasikiliza AC ikinguruma. Huyu mtoto bado hajui kuongea. Kule nyumbani nikikosa mtu nafungua redio, nasikiliza watu wetu wakikimbia mbio. Hapa nitasahau hata sauti yangu."

Ann aliinamia sahani yake. Machozi yalimlenga. Alimpenda mama huyu, na alimhitaji.

Wesley si mtu wa kulala na tatizo. Kesho yake alirudi amekumbatia skrini ya kompyuta. Kazini kwao walikuwa wakibadilisha kompyuta, na mkubwa wake alimruhusu aichukue. King'amuzi chao cha zamani, ambacho wengi hukiita dikoda, bado kilikuwepo. Dishi lilikuwa juu ya paa. Kilichokosekana ni waya tu. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Nyuma ya king'amuzi kulikuwa na matundu matatu: la njano, jeupe na jekundu. Nyuma ya skrini kulikuwa na tundu moja pana la buluu, lenye vishimo vingi vidogo. Wesley akapata dukani waya wenye kichwa cha buluu upande mmoja, na vichwa vitatu vya rangi upande wa pili. Akauchomeka huku na huku.

"Cheki!" alisema kwa furaha. "Imeingia poa kabisa. Ni kama imetengenezewa sisi."

Akawasha. Skrini ikaandika kwamba haipokei kitu, kisha ikawa nyeusi tii.

"Labda dikoda imekufa," Ann alisema.

"Wapi! Ni dishi. Upepo umelisogeza."

"Baba Shaun, si umuulize mtu anayejua?"

"Nimuulize nini? Si waya imeingia?"

Akapanda paani. Akalisukuma dishi huku, akalisukuma kule. Kila mara alimpigia Ann simu.

"Sasa je?"

"Nyeusi."

"Na sasa?"

"Nyeusi tu. Baba Shaun, shuka, usituletee balaa!"

Balaa lilikuwa limeshaanza kupanda ngazi. Wesley aliporudi ndani, jasho likimtiririka, mlango uligongwa kwa nguvu. Alikuwa Charity, jirani wa ghorofa ya chini, Mkenya mwenzao aliyefanya kazi ya kompyuta katika ofisi moja mjini. Mpaka siku hiyo walikuwa wakisalimiana kwenye ngazi tu.

"Nani anachezea dishi?" Charity aliuliza. "Hilo dishi ni letu sote. Waya moja inakuja kwenu, nyingine inakuja kwangu. Nimekaa naangalia kipindi changu, mara picha imekatika!"

Wesley alijikuna kichwa. Macho ya Charity yakaenda kwenye skrini, kisha kwenye ule waya. Hasira ikamwisha, akaanza kucheka.

"Kumbe ni hii imekutoa jasho hivyo?"

"Imeingia vizuri," Wesley alijitetea.

"Kuingia imeingia. Lakini haitaleta picha hata ulipeleke dishi mji wa pili, Al Wakrah."

Miriam naye akacheka. Ann hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka mara ya mwisho.

"Karibu uketi, mwanangu," Miriam alisema. "Hebu tueleze, nasi tuelewe."

Charity akaketi, akamgeukia Ann. "Mama Shaun, ukipata mgonjwa anayejua Kinepali tu, unafanyaje?"

"Naita mkalimani."

"Hata kama mgonjwa ameketi mbele yako?"

"Hata kama. Bila mkalimani tutabaki kutazamana."

"Sasa ni hivyo hivyo. Hili tundu la njano linatoa picha kwa lugha ya televisheni. Skrini hii inajua lugha ya kompyuta peke yake. Waya inapitisha tu, haitafsiri. Mnahitaji kisanduku kidogo kinachoitwa konvata. Hicho ndicho mkalimani. Kina waya wake wa stima, wa kuchomekwa kwenye umeme, kwa sababu kinafanya kazi."

"Na sauti itatoka wapi?" Miriam aliuliza. "Mimi sioni spika kwenye hiyo skrini."

"Mama, umeuliza la maana! Hii haina spika. Tundu jeupe na jekundu ndiyo sauti. Hizo mtaziunganisha na spika ndogo za kompyuta, zile za kuchomekwa kwenye stima."

"Ingekuwa dikoda mpya?" Ann aliuliza.

"Dikoda na skrini zikiwa na tundu la HDMI, lile jembamba la kisasa, zote mbili, waya moja ya HDMI inatosha. Lakini angalieni spika hata hapo. Skrini nyingi za kompyuta hazina."

Kwanza walirekebisha uharibifu. Wesley alirudi paani. Ann alisimama mbele ya televisheni ya Charity, simu sikioni.

"Rudi kidogo. Kidogo, nimesema! Umepita. Rudi... hapo! Usiguse tena!"

Picha ilirudi. Charity akamwambia Wesley alifunge dishi vizuri, na siku nyingine asiliguse kabla ya kuangalia nyaya. Kisha wakaleta king'amuzi cha zamani na kukijaribu kwenye televisheni hiyo. Kikaonyesha picha safi.

"Mnaona? Dikoda ni nzima," Charity alisema. "Jaribuni kifaa kimoja kimoja. Msikisingizie kitu ugonjwa kabla ya kukipima."

Wesley alikichomoa king'amuzi, akakitia kwapani kurudi nacho.

Kesho yake, akitoka kazini, Ann aliingia duka la vifaa vya umeme. Muuzaji akampa kisanduku haraka haraka. Ann alikigeuza, akasoma kama Charity alivyomwelekeza.

"Hiki ni cha kutoa kwenye kompyuta kwenda televisheni," alisema. "Mimi nataka kinyume. AV, lile tundu la njano, iwe ya kuingia; VGA, lile pana la buluu, iwe ya kutoka."

Muuzaji alimtazama upya, akamletea kinachofaa. Ann akachukua pia spika, waya wa kuziunganisha na king'amuzi, waya wa njano, na waya wenye kichwa cha buluu pande zote mbili.

Alipofika nyumbani, Wesley alikuwa bado barabarani. Ann hakumngoja. Alizima kila kitu kwanza. Alipeleka waya wa njano kutoka king'amuzi hadi kwenye konvata. Alitoa waya wa buluu kwenye konvata hadi kwenye skrini. Nyaya nyeupe na nyekundu aliziunganisha na spika, akachomeka konvata na spika kwenye umeme pia. Kisha akawasha. Skrini ikalalamika kwamba kipimo cha picha hakiifai. Akakumbuka kwamba Charity alimwambia kwenye konvata kuna kitufe cha kubadilisha kipimo. Akakibonyeza, akakibonyeza tena.

Mtangazaji akatokea, na sauti yake ikajaa chumba kizima. Picha haikuwa kali kama ya televisheni mpya, lakini Miriam aliiona vizuri akiwa amekaa kwenye kochi. Ann alipiga kelele za furaha mpaka Shaun akashtuka.

Siku chache baadaye, Ann alikuwa akipanda ngazi baada ya kazi aliposikia mayowe nyumbani kwake. Mtoto! Alipanda akihema, akafungua mlango kwa pupa.

Miriam alikuwa amesimama katikati ya chumba, Shaun kifuani. Charity alikuwa kwenye kochi na kikombe cha chai. Kwenye skrini, wanawake walikuwa wakikimbia mbio ndefu, na Mkenya alikuwa wa pili.

"Mama, kuna nini?"

"Funga mlango, Mama Shaun, umebaki mzunguko mmoja! Kaza, msichana! Kaza!"

Msichana alikaza. Alipovuka mstari akiwa wa kwanza, Miriam alimrusha Shaun juu na kumdaka, akicheka. Kisha akaketi, akafuta uso.

"Nimepiga simu nyumbani," alisema. "Nimewaambia wasinisubiri mwezi huu. Viza bado ina muda, na huyu bado anahitaji mtu."

Ann alimkumbatia mama mkwe wake, mtoto akiwa katikati yao.

"Utakaa mpaka aanze kutembea?" aliuliza mwishowe.

Miriam aliutazama mguu mdogo wa mjukuu wake, akaupima kwa kiganja.

"Kutembea?" alisema. "Huyu namngoja akimbie."