Mtoto Aliyefichwa Kwao

Wazazi wenzangu, hasa nyinyi mnaolea watoto mjini Makambako huku kwenu ni Kichiwa, Mdandu au Wanging'ombe, naomba mnisikilize. Haya yalimpata jirani yangu Amon, na yangeweza kunipata mimi.

Amon ana duka la vifaa vya ujenzi. Jioni moja ya Agosti nyumba yake ilikuwa imetulia. Viazi vilikuwa mezani, mkewe akimimina chai, na binti yao Jasmine, mwenye miaka tisa, akifanya kazi ya shule. Mwalimu Flora alikuwa amewaagiza wanafunzi waulize nyumbani: wewe ni nani, ukoo wenu ni upi, babu na bibi wanaitwa nani, na kuwa Mtanzania ni kuwa nani.

"Baba, sisi ni kabila gani?"

"Andika Mtanzania. Inatosha."

"Na bibi anaitwa nani?"

"Bibi ni bibi. Kula, chakula kinapoa."

Mkewe alimtazama. "Mwambie tu, Baba Jasmine. Mwalimu hana nia mbaya."

"Mimi sekondari walinicheka kwa Kibena changu," Amon akasema. "Mwanangu hatachekwa."

Hakuwa mtu mbaya. Alidhani anamkinga mtoto. Kibena, lugha ya kwao, kilipigwa marufuku nyumbani kwake, na mama yake akipiga simu, Amon alitoka nje kuzungumza naye kwa sauti ya juu, maana bibi hasikii vizuri. Jasmine akakua akiamini kwamba lugha ile ni ya watu wanaogombana.

Likizo ya Septemba, Amon na mkewe walikwenda Dar es Salaam kufuata bidhaa, wakamwacha mtoto Kichiwa kwa bibi yake, Bibi Ida. Siku za kwanza zilikuwa njema. Bibi alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kutosha kusema njoo, kula, lala. Walipura maharage uani, wakacheka bila maneno mengi.

Mchana mmoja upepo ukageuka. Mtu alikuwa akichoma majani shambani kwake, moto ukamponyoka, ukaingia katika shamba la miti ya mbao lililo juu ya nyumba. Jasmine alisikia kwanza mvumo, kama mvua kubwa juu ya mabati. Halafu moshi ukaficha jua.

Bibi Ida alitoka jikoni mbio, na kwa hofu Kiswahili chake chote kikapotea. Alisema kwa Kibena wateremke bondeni, kwenye kijito. Alirudia, sauti ikipanda, akipunga mikono. Jasmine hakuelewa hata neno moja, aliona anafokewa. Alichokumbuka ni barabara ambayo baba yake alimleta nayo. Akakimbia kupanda mlima, kuelekea kwenye moto.

Bibi akamfuata.

Ndani ya moshi Jasmine hakuiona hata miguu yake. Koo lilimchoma. Vipande vya magome yanayowaka vilimwangukia mabegani. Akajikunyata kwenye mtaro, na hapo akasikia wanaume wakiita kwa Kibena. Walikuwa majirani waliokuja kuzima moto, wakiuliza kama kuna mtu. Yeye alijiziba mdomo kwa mikono miwili ili asikohoe, wasije wakamsikia. Sauti zikapita karibu kabisa. Zikaenda mbali.

Hebu fikirini, wazazi. Mtoto anajificha asiokolewe.

Mwisho kikohozi kilimshinda. Bibi Ida akakisikia kwa kuwa alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akitambaa. Alimfunika kwa kitenge chake, akaita kwa nguvu zilizobaki. Jirani yake, Polikarpo, akarudi na wenzake, wakawatoa. Jasmine aliungua bega. Bibi aliungua miguu yote miwili.

"Mbona hukuitika tulipokuita?" Polikarpo alimuuliza kwa Kiswahili.

"Nilidhani mnataka kunipiga."

Amon alipofika hospitali, mama yake alisema maneno machache kwa Kibena, akimtazama mjukuu.

"Baba, bibi anasema nini?"

"Anauliza kama ulikuwa unamkimbia yeye."

"Mwambie ndiyo," Jasmine akasema akilia. "Mwambie sasa simwogopi."

Amon akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza mbele ya mwanawe akasema Kibena, akimtafsiria maneno hayo.

Bibi Ida anatembea kwa magongo hadi leo.

FUNZO

Aliyechoma majani ana kosa lake, na kijiji kinamshughulikia. Mimi nasema la kwetu. Mtoto akiuliza yeye ni nani, mjibuni. Mwambieni jina lake kamili, ukoo wake, majina ya wazee wake na lugha yao, kisha mumfundishe kwamba watu wote hao, pamoja na majirani wa makabila mengine, ndio Tanzania. Mtoto hawi Mtanzania zaidi kwa kufichwa kwao ni wapi. Mwalimu Flora hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake, na sisi tusingoje hatari itufundishe.