Kanisa la Bibi Halina Paa

Mkunde na Bibi walikwenda kutazama bustani katikati ya mji. Bibi alivaa kitenge chake kizuri.

Barabarani, magari yalipiga honi. Pii, pii. Pikipiki zikanguruma. Mkunde akaziba masikio.

Kisha wakafika kwenye lango la mawe.
Huko ndani kulikuwa kimya, kimya.
Majani tu. Shaaa… shaaa…

Mkunde akaingia.
Bibi hakuingia.

"Bibi, twende."

"Nenda tu, mjukuu wangu. Mimi nitakusubiri hapa."

"Kwa nini?"

Bibi aligusa ukuta. "Zamani hapa palikuwa kanisa letu. Niliimba kwaya humu. Nilifunga ndoa na babu yako humu. Halafu paa likaanguka, tukahamia kwingine, na humu pakapandwa bustani. Naogopa kuona palivyobomoka."

Mkunde akafikiri. "Basi nitachungulia kwanza, halafu nije nikuambie."

Akakimbia. Tap, tap, tap.
Huko ndani kulikuwa kimya, kimya.
Majani tu. Shaaa… shaaa…

Akarudi. "Bibi, ni kweli paa halipo. Ukitazama juu unaona wingu."

"Kubwa?"

"Dogo. Linatembea."

Bibi akatabasamu kidogo. Lakini hakuingia.

Mkunde akakimbia tena. Tap, tap, tap.

Akarudi akihema. "Bibi, madirisha hayana vioo. Njiwa wanapita humo. Mmoja amejenga kiota."

"Dirisha lipi?"

"Lile la duara."

"Ah," akasema Bibi, "lile nililipenda." Lakini hakuingia.

Kisha Bibi akauliza kwa sauti ndogo, "Na pale mbele, tulipokuwa tunaimba? Palikuwa na ngazi."

"Ngoja niangalie."

Tap, tap, tap.

Safari hii Mkunde alirudi polepole. "Ngazi zipo, Bibi. Asumini imezitambalia. Na mama mmoja amekaa hapo na mtoto mchanga. Mtoto analia, hataki kunyamaza."

"Analia?"

"Analia sana. Mama yake amechoka."

Bibi akajifunga kitenge vizuri. "Maskini. Wako wapi?"

Na Bibi akaingia.

Alipita chini ya wingu. Alipita dirisha la njiwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi.

"Nipe nikusaidie, mwanangu," akamwambia yule mama.

"Asante, mama. Nimembembeleza, nimeshindwa."

Bibi akampakata mtoto. Akaanza kuimba, taratibu. Mmmm… mmmm…

Kuta za mawe zikaichukua sauti yake, zikaizungusha, zikaileta tena.

Mtoto akafumba jicho moja. Akafumba na la pili.
Kukawa kimya, kimya.
Majani tu. Shaaa… shaaa…

Mkunde akamtazama Bibi. "Bibi, unalia?"

"Kidogo."

"Tuondoke?"

"Hapana," akasema Bibi. "Tukae kwanza."

Wakakaa mpaka jua likapoa.

Jioni, Mkunde alipokwisha kupanda kitandani, Bibi alimshushia chandarua.

"Bibi, siku ya harusi, babu alisimama wapi?"

Bibi akaketi kando ya kitanda. "Alisimama karibu na zile ngazi. Viatu vyake vilikuwa vya kuazima. Vilimbana, akawa anachechemea kama kuku."

Mkunde akacheka. Bibi naye akacheka.

"Halafu?"

"Halafu akavivua. Akafunga ndoa pekupeku."

Bibi akaendelea kusimulia, na Mkunde akalala huku anatabasamu.