Gauni la Maua Kwenye Jalada

Mapokezi ya hospitali yalifurika watu asubuhi hiyo, na mpigapicha alikuwa amepanda juu ya benchi, suruali ya mifuko mingi, raba za vumbi, kamera usoni. Muuguzi mmoja wa kiume akamvuta pindo la koti.

"Dada, benchi hilo ni la wagonjwa. Kama huumwi, shuka."

"Naumwa."

"Wapi?"

"Nishike mkono nishuke, nitakuonyesha."

Kabla foleni haijasogea walikuwa wamepeana namba za simu. Mwanamke alifanya kazi katika jarida dogo la uchunguzi lisilo na tajiri nyuma yake. Toleo lililokuwa jikoni lilihusu kiwanda cha betri ambacho vibarua wake walikuwa wakiugua kifua. Maneno ya vibarua yalikuwepo tele, lakini kiwanda kilikana kila kitu, na bila picha yangeonekana porojo tu.

Muuguzi, ambaye kufikia hapo aliitwa mpenzi asubuhi na laazizi jioni, akamkutanisha na dada yake mkubwa aliyefanya kazi mle kiwandani. Dada alikubali kupigwa picha kwa sharti moja, asijulikane. Alipigwa akiwa amegeukia dirisha, akaonyeshwa picha kwenye kioo kidogo cha kamera, akaridhika.

Wajuzi nao hukosea. Kichwani mwake mpigapicha alishapanga picha itoke ndogo, nyeusi na nyeupe, ukurasa wa ndani, basi akamtumia mhariri ile ya rangi bila kumwambia lolote. Mhariri aliipenda, akaiweka kwenye jalada. Uso haukuonekana, ila gauni alilovaa, la maua ya rangi ya chungwa, dada alijishonea mwenyewe, na kiwanda kizima kililijua. Alifukuzwa siku hiyohiyo.

Muuguzi alipiga simu mara moja tu.

"Wewe umepata jalada. Dada yangu amepata nini?"

Akakata, na tangu hapo hakupokea tena.

Mpigapicha aliumia, kwa kuwa alimpenda na kwa kuwa kosa lilikuwa lake. Hakutuma mtu kumwombea radhi. Alichapa picha ileile kwa ukubwa wa jalada, akaenda nayo mwenyewe kwa dada.

"Nilikuonyesha kitu kidogo kama kiberiti. Ningekuonyesha hivi, ungekataa."

"Ningekataa," dada akasema. "Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Sasa nipige picha ya uso. Wenzangu bado wanavuta moshi ule."

Mpigapicha akagoma mpaka mdogo mtu aje asikie mwenyewe. Akaja na sare yake nyeupe, amenuna, tayari kuzuia. Dada akamwambia aache kununa na ashike kitambaa cha kurudisha mwanga. Alikishika, na kesho yake alipomwona mpenzi wake akimwonyesha dada kila picha iliyochapwa, akichana zile alizozikataa, hasira ikamwisha mwilini.

Toleo lenye uso wa dada lilipotoka, wakaguzi waliingia kiwandani. Dada hakurudishwa kazini, akaanza kushona magauni ya watu. Jioni moja simu ya mpigapicha ikaita.

"Dada anauliza wazee wetu waje kwenu lini."

"Na wewe unauliza nini?"

"Kama umenisamehe kwa kukukatia simu."



"Wazee waje Jumamosi," akasema. "Wewe njoo sasa hivi."