Mwalimu Rula na Mtihani wa Ghafla

Mwalimu Rula alistaafu miaka minne iliyopita. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, na hakulikataa. Kila asubuhi alifagia ua, akanywa chai, akasoma gazeti huku ameshika kalamu nyekundu. Makosa ya gazeti aliyasahihisha yote. Aliishi peke yake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

"Mama, una presha, na nilipokuja vidonge niliviona vimejaa kabatini," mwanawe wa kwanza alimwambia kwenye simu. "Baada ya wiki sita nakuja na gari. Unahamia kwangu."

"Nihamie kwako nikawe mtoto wako? Thubutu! Kliniki wanasema niko sawa."

Kweli, walisema hivyo. Lakini Mwalimu alikuwa na siri. Dawa alizimeza kwa wiki moja tu kabla ya siku ya kliniki. Siku nyingine zote hakuzigusa. Kichwa hakikumuuma, miguu ilitembea. Dawa za nini?

Jirani yake alikuwa muuguzi wa zahanati, na zamani alikuwa mwanafunzi wake. Jumanne moja alasiri aliingia na kipimo cha presha.

"Shikamoo, Mwalimu. Leo nakupima."

"Marahaba. Mbona kliniki ni mwezi ujao?"

"Ndiyo maana nimekuja leo."

Akamkalisha kwenye kiti, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza. Wakanyamaza dakika tano. Kwa Mwalimu, kunyamaza kulikuwa adhabu. Muuguzi akapima mara mbili.

"Mia moja sabini na nane juu ya mia moja na mbili."

"Nimepita mia? Basi nimefaulu!"

Muuguzi hakucheka. "Hizi si maksi, Mwalimu. Vidonge unavimeza lini?"

Mwalimu akatazama dirishani. Kisha akasema ukweli, kwa sauti ndogo.

"Kumbe unakariri mtihani ukikaribia!" muuguzi alisema. "Darasa la sita uliniadhibu kwa kosa hilohilo."

Mwalimu aliona aibu, kisha akapandwa na hasira. "Lakini siumwi popote!"

"Ndiyo ubaya wake. Presha haipigi hodi. Inaharibu moyo, figo na ubongo polepole. Siku ukipata kiharusi, utahamishwa bila kuulizwa."

Maneno hayo yalimchoma. Aliogopa, na hakupenda kuogopa.

Kesho yake walikwenda zahanati. Daktari alisema dawa ni ileile, kidonge kimoja kila asubuhi, hata akijisikia mzima. Asiiache bila kumwuliza. Apunguze chumvi. Atembee nusu saa kila siku. Lengo lake ni chini ya mia moja na arobaini juu ya tisini.

"Nitaishinda," Mwalimu alisema. "Na nyumbani kwangu sitoki."

Alinunua kipimo chake. Alichora jedwali kwenye daftari, akaandika namba kila siku. Wiki ya kwanza namba zilikuwa mbaya. Hakufuta hata moja. Kidebe cha chumvi alikiondoa mezani, akanung'unika siku tatu, akazoea. Kufika wiki ya tano, namba zote zilikuwa chini ya lengo.

Mwanawe alifika na maboksi matupu.

"Keti," mama yake alimwambia. Akamfungulia daftari. Kijana huyo wa miaka arobaini na sita alisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Mama, hongera. Lakini bado..."

"Wewe umewahi kupimwa?"

"Mimi? Mimi mzima!"

"Egemea. Nyayo chini. Funga mdomo."

Baada ya dakika tano alimpima, akarudia. Mia moja sitini na sita juu ya mia moja. Mwanawe akaitazama namba.

"Kesho asubuhi tunapima tena, kisha nakupeleka zahanati," Mwalimu alisema. "Sasa niambie, mwanangu. Nani anahamia kwa nani?"